Kanda ya Bi Harusi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Hina mbichi, ile inayotoka kuchanganywa na maji ya limau, ikinuka saa nne ya asubuhi katikati ya godauni la vitambaa ambamo kwa miaka thelathini hakukunuka kitu zaidi ya pamba, wanga na jasho la makuli. Afroza alisimama na jora begani, akanusa viganja vyake mwenyewe. Havikuwa na kitu. Harusi yake ilikuwa imebakiza siku ishirini, na hina yake ilikuwa bado kwenye pakiti, nyumbani, chini ya godoro la mama yake.

"Baba, unasikia harufu?"

Mzee Basharat alikuwa kwenye stuli yake mlangoni, macho yameingia ukungu mweupe. "Naisikia," alisema, na sauti yake ikashuka. "Leo Alhamisi. Umempelekea maua yake?"

"Nimepeleka tangu asubuhi."

"Basi kwa nini ananuka kama mtu anayejipamba?"

 Afroza alitazama mwisho wa godauni, nyuma ya nguzo, kisha akaangalia pembeni haraka, kama alivyofundishwa.

Godauni la Haji Nizamuddin lilikuwa refu kama treni iliyosimama, safu kumi na mbili za rafu, na mpangilio wake wote ulikuwa kichwani mwa Mzee Basharat. Umtajie poplini ya bluu, naye atakwambia safu ya saba, chini, nyuma ya magunia ya nyuzi, na usimsumbue tena. Macho yalipoanza kufifia, alikihamishia kichwa kile kwa binti yake, safu kwa safu, mwaka mzima. Yote alimfundisha kwa kumtajia, isipokuwa pembe moja, ya mwisho kabisa, hatua tisa kwa tisa. Hiyo aliinyooshea kidevu.

"Pale usiweke kitu," alimwambia. "Na usipape jina. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliweka majora pale. Asubuhi nikayakuta yameloa, mekundu, na nikasikia bangili. Tukaelewana, mimi na yeye. Yeye ana pake, mimi nina pangu, na kila Alhamisi shada la asumini. Hajapata kunidhuru. Lakini ni mwanamke, Afroza, tena mpweke. Ukimwita hata kwa bahati mbaya, ataitika."

Makuli waliamini paa linavuja pale. Hakuna aliyewasahihisha.

Kisha Haji akamleta Naushin.

Naushin alitoka mji wa Thane na kompyuta ya mkononi, miwani ya duara na programu ya kupanga maghala, aje akae wiki tatu. Tuseme ukweli kama ulivyo: Afroza alimchukia kabla hajamjua. Na alipomjua akamchukia zaidi, kwa sababu hakuona kosa lake. Binti alikuwa anacheka na kila mtu. Alikunywa chai ya makuli kwa kikombe cha makuli. Na alijua kazi. Aliligawa godauni lote kanda kwa kanda kwenye kioo cha kompyuta: kijani kwa vitambaa vinavyotoka kila siku, hivyo vikae karibu na mlango, manjano kwa vinavyongoja, buluu kwa nyuzi. Kila kanda na jina lake, kila rafu na lebo yake ya mistari inayosomwa na simu, na kila kanda na mwenye kanda, yaani mtu wa kuulizwa jora likipotea. Ukitaka poplini ya bluu, unaitafuta kwenye simu. Kile kichwa alichokipokea Afroza kwa mwaka mzima, Naushin alikitia kwenye simu za makuli kwa siku tisa.

Hilo lingevumilika. Lililomchoma lilikuwa Tufail.

Tufail ndiye aliyeendesha foklifti, na ndiye aliyekuwa mchumba wa Afroza. Miaka minne Afroza alimwomba ampandishe juu ya uma za ile mashine, aone godauni kutoka juu, mara moja tu. Miaka minne Tufail alimjibu, "Ni hatari, mpenzi, baba yako ataninyonga." Na Jumatano ile Afroza alitoka nyuma ya magunia akamkuta Naushin juu hewani, amesimama kwenye ubao, anabandika lebo rafu za juu, na Tufail chini ameshika usukani, meno nje.

"Kaka Tufail, usinidondoshe, mimi bado sijaolewa!"

"Dondoka tu, nitakudaka!"

"Na huyo bi harusi wako atanizika!"

Makuli walicheka mpaka wakashika mbavu. Afroza naye alicheka, ili asionekane. Usiku huo hakula.

Ndiyo maana siku ya pili yake, hina iliponuka na baba yake alipomvuta kwa mkono akamnong'oneza, alisikiliza kwa sikio moja.

"Huyo binti anatembea anapaita kila mahali jina," Mzee Basharat alisema. "Kesho atafika kule. Yule wa kule anajua, ndiyo maana anajipamba. Mimi kesho nina miadi ya macho, sitakuwepo. Mwambie airuke ile pembe. Umenisikia? Mwambie."

"Nitamwambia, baba."

Ijumaa mashine za kufuma za mji wa Bhiwandi hupumzika. Siku sita mtaa unatikisika, mtu anazungumza kwa kupiga kelele na hajui kwamba anapiga kelele. Ijumaa kimya kinaingia hata kwenye meno. Katika kimya hicho Naushin alifika nyuma ya nguzo na simu yake, makuli wawili nyuma yake, na Tufail amembebea chupa ya maji.

"Dada Afroza! Hii pembe mnaiitaje?"

Afroza alikuwa na maneno tayari mdomoni. Yalikuwa matatu tu: iruke hiyo pembe. Kisha akaiona ile chupa ya maji. Tufail alikuwa ameishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyekabidhiwa amana. Maneno yakarudi kooni.

"Haina kitu," alisema. "Ipe jina lolote. Jiandike wewe, si ndiwe unayejua kila kitu hapa?"

Naushin hakuuhisi mwiba. "Mimi naondoka, dada. Programu inataka mtu wa kudumu." Akafikiri, akacheka. "Nimepata! Kanda ya Bi Harusi, kwa heshima yako. Na mwenye kanda," akamkabidhi Tufail simu, "bwana harusi mwenyewe. Haya, bonyeza hapo."

Pale pa kubonyeza paliandikwa NIMEKUBALI. Naushin mwenyewe ndiye aliyepaandika hivyo, kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu makuli hawakujua Kiingereza na alitaka kila mtu ajue anachokikubali.

Tufail alibonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikafa.

"Mtandao mzito. Rudia."

Akabonyeza tena. Kiduara kikazunguka.

"Rudia tena."

Mara ya tatu simu ikalia ting.

Sasa, hakuna mtu wa Bhiwandi, mdogo kwa mkubwa, asiyejua ni wapi mwanaume husema nimekubali mara tatu, bi harusi akiwa ametajwa na mashahidi wawili wamesimama. Kuli mmoja alilidaka palepale. "Mubarak!" alipiga kelele. "Tufail kaoa! Pilau liko wapi?" Wote wakacheka, Naushin kuliko wote.

Afroza hakucheka. Nyuma ya nguzo, ndani ya kimya cha Ijumaa, bangili zililia mara moja, taratibu, kama za mwanamke anayenyanyua mkono kujifunika ushungi.

Jioni baba yake alirudi na bendeji jichoni. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia," Afroza akasema.

Jumamosi asubuhi simu zote zilionyesha jambo moja. Kanda ya Bi Harusi: mzigo, moja. Aina ya mzigo: haijatajwa.

"Nani kapeleka kitu kule?" Naushin aliuliza. Makuli wakatikisa vichwa. Akaenda kuangalia, akakuta sakafu tupu na shada la asumini lililokauka. Akafuta ile moja. Alipofika mlangoni, ile moja ilikuwa imerudi.

Tufail naye alikuja na kidole kidogo cha mkono wa kulia chekundu mpaka kwenye fundo.

"Umepaka hina?" Afroza alimuuliza.

"Mimi? Rangi ya jora hiyo." Alikisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa dizeli. Kikazidi kuiva.

Mchana hakula na Afroza. Alichukua chapati zake akaenda kule nyuma. "Kuna ubaridi mzuri," alisema. Jumatatu alikwenda tena, na Afroza alipopita safu ya kumi alimsikia anaongea chini kwa chini, ananyamaza, anacheka kidogo, kama mtu anayejibiwa. Jumanne Afroza alimsimamisha mlangoni.

"Tufail, una nini na mimi?"

Tufail alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia. "Hakuna kitu, dada," alisema.

Dada. Miaka minne ya mpenzi, na roho yangu, na mama watoto wa kesho, leo dada! Afroza angependa kupigwa kofi kuliko neno lile. Akageuka, na nani alikuwa pale anaandika kitu kwenye simu huku ametabasamu? Naushin. Hasira yote ikapata pa kukaa.

Usiku ule bangili za harusi za Afroza, dazeni nne ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa, zilikutwa zimepasuka. Usiku uliofuata ushungi wake mwekundu ulitoweka sandukuni, na sanduku limefungwa, na ufunguo uko shingoni mwa mama yake. Alhamisi asubuhi Afroza alifungua simu ya kazi akausoma ushungi wake pale, baina ya poplini na pamba: Ushungi mwekundu, moja. Umetoka: nyumbani kwa Basharat. Umekwenda: Kanda ya Bi Harusi.

Alimfuata Naushin mpaka mezani kwake.

"Wewe mwanamke huna haya?"

"Dada, kuna nini tena?"

"Ushungi wangu wa harusi umefikaje kwenye mashine yako? Unaingia mpaka majumbani sasa? Umekitoa kichwa cha baba yangu ukakitia kwenye simu, nikanyamaza. Haikukutosha, unataka na mwanaume?"

Naushin alivua miwani. "Mwanaume gani? Tufail? Huyu anayenuka dizeli? Dada Afroza, nina mchumba wangu Pune, tena ananitosha, ana mdomo kuliko redio." Kisha kicheko kikamkauka usoni. Akavuta kiti karibu, akaishusha sauti. "Afadhali umekuja mwenyewe. Kila mzigo ukihamishwa, programu inaandika nani kauhamisha. Nilidhani ni wewe unanitania. Soma."

Afroza akasoma. Mistari kumi na miwili, ya siku tano. Mkate wa Tufail, umehamishwa. Kofia ya Tufail, imehamishwa. Ushungi. Na mwisho wa kila mstari: Aliyehamisha, Mke wa Tufail.

"Sijamsajili mtu wa jina hilo," Naushin alinong'ona. "Na wewe bado hujaolewa, dada. Huyu ni nani?"

Akaufungua mtandio wake. Shingoni palikuwa na mikwaruzo mitano, mirefu, iliyopangana. "Jana nilipita karibu na ile nguzo, nikamwita Tufail kwa jina. Nikajiambia ni msumari. Msumari gani una vidole?"

Ulikuwa wakati wa kusema. Afroza aliijua ile mikwaruzo ilipotoka, na alijua mdomo wa nani uliifungulia mlango. Akatazama chini, akasema, "Sijui," akaondoka.

Ikaja Ijumaa tena, na kimya chake. Wanaume walikwenda msikitini, na Afroza, aliyekuwa amesimama mlangoni akivitazama viatu vinavyotoka, aliona ndara za Tufail zimebaki. Akamwita. Hakuitikiwa. Akaingia, na tangu hatua ya kwanza alijua kwamba godauni halikuwa lile alilolizoea, kwa sababu safu alizozijua kumi na mbili alizipita kumi na mbili na bado zikawa mbele yake nyingine, na nyingine, majora mekundu ambayo Haji Nizamuddin hakuwahi kuyanunua yakining'inia pande zote kama mapazia ya nyumba yenye harusi, na ile harufu ya hina ikimjia si puani tu bali machoni na kwenye ulimi, nzito, mbichi, yenye maji, na lebo za Naushin kwenye kila rafu, ambazo jana zilikuwa za herufi na namba, sasa kila alipozitupia jicho zilikuwa na jina moja tu, Tufail, Tufail, Tufail, mpaka akaifikia ile nguzo akaishika kwa mikono miwili kama anayezama, akachungulia.

Tufail alikuwa amekaa chini kama wakaavyo mabwana harusi, macho sakafuni, ushungi mwekundu wa Afroza umekunjwa mapajani. Siku saba zilikuwa zimemla mashavu. Nyuma yake lilining'inia jora moja jekundu mpaka karibu na sakafu, na chini ya pindo lake ilionekana miguu miwili ya mwanamke, imechorwa hina ya bi harusi, maua kwa majani, kazi nzuri mno, na visigino vyake vilikuwa mbele.

"Umechelewa, mwenzangu," ikasema sauti.

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya mwanamke aliyetoka kulia.

"Tufail, inuka," Afroza alisema, na hakuisikia sauti yake mwenyewe. "Inuka twende."

"Haendi. Mimi nimeandikwa naye. Wewe umeandikwa wapi?" Bangili zikalia. "Umemngoja miaka minne ukaiona mingi. Mimi nimewasikiliza mkitaja majina miaka thelathini, kila jora, kila gunia, na mimi hata siku moja. Na yule mwenye miwani nimeonana naye juzi. Hatamwita mume wangu tena. Nawe usinikazie macho hivyo. Si wewe uliyenioza? Ulijua, ukanyamaza. Sijapata kuona mshenga kama wewe."

Afroza alikimbia. Alikimbia akagonga rafu, akagonga magunia, akaangukia miguuni pa baba yake aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi msikitini, pale mlangoni, akasema lililokuwa limemkaa kooni siku saba: "Sikumwambia, baba. Nilikudanganya. Nilitaka yampate Naushin."

Mzee Basharat alimwinua. Kisha akatafuta fimbo yake kwa kupapasa. "Kamwiteni Bi Sughra," alisema.

Bi Sughra alikuwa bibi wa kuzungusha nyuzi, kidole gumba kimekatika mistari kwa uzi wa miaka sitini, tambuu shavuni. Alikuja na chupa ya maji aliyoyasomea na hakusalimia mtu. Alikaa mbele ya ile nguzo, akasoma, akanyunyiza, akasoma tena. Naushin alisimama nyuma amejifunika shingo. Tufail aliyumba kidogo, macho yake bado sakafuni. Baada ya nusu saa bibi aliinuka akitweta.

"Amekataa. Mimi nafukuza wavamizi. Huyu anasema yeye ni mke. Imeandikwa wapi ndoa hii?"

 Naushin akanyoosha simu. "Hapa, bibi."

"Ifute."

"Nimejaribu mara mia. Inasema kanda ina mzigo, haifutiki. Inauliza, hamishia wapi?"

Bi Sughra akatema tambuu pembeni. "Basi mashine yako ina akili kuliko nyinyi nyote. Hata mimi ningeuliza hivyohivyo. Aliyeitwa kwa jina hatupwi barabarani, atarudi na hasira. Apewe pa kukaa, kwa jina, na anayempa akubali mara tatu kama alivyokubaliwa."

"Aandikwe kwangu," Mzee Basharat alisema. "Tunajuana."

"Hakutaki, mzee. Amesema anataka mwanamke mwenzake. Ama aliyemwita, ama aliyenyamaza." Bibi akawatazama wawili wale, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. "Fanyeni haraka. Huyu kijana hatafika Magharibi."

Naushin alitaka kubonyeza, akashindwa. Miwani ilikuwa imejaa machozi. "Sioni," alisema. "Dada, shika wewe. Chagua wewe, utakavyochagua mimi sitalaumu. Jina nililitoa mimi."

Ndivyo Afroza alivyojikuta ameshika simu, na majina mawili mbele yake, moja juu ya jingine. Na wakati huohuo Tufail aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Akatazama. Lakini hakumtazama yeye. Alimtazama Naushin, kwa sababu Naushin ndiye aliyekuwa analia kwa sauti.

Kidole cha Afroza kikaenda chenyewe. Kikasimama juu ya jina la Naushin, nafasi ya punje ya mchele baina yake na kioo. Mara tatu tu. Hakuna ambaye angemlaumu, hata mwenyewe Naushin ameshasema. Na nyuma ya lile jora jekundu bangili zikaanza kulia kwa furaha, haraka haraka, na harufu ya hina ikawa tamu, tamu kama halua, na Afroza akahisi kifuani mwake furaha ileile, ya ukubwa uleule, ikipiga kwa mdundo uleule wa bangili, kiasi kwamba kwa muda hakujua ni ya nani.

Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko visigino.

Akateremsha kidole mpaka kwenye jina la chini yake. Akachagua: Afroza binti Basharat.

"Usifanye hivyo, mwanangu," baba yake akanong'ona. Hakuona, lakini alijua.

NIMEKUBALI. Kiduara kikazunguka. NIMEKUBALI. Bangili zikakatika kulia. NIMEKUBALI. Simu ikasema ting, jora jekundu likaanguka sakafuni peke yake, na nyuma yake kulikuwa na ukuta tu.

Tufail alikohoa, akaangalia huku na huku. "Afroza," alisema, "maji. Nipe maji, mpenzi wangu. Mbona mmekusanyika?"

Afroza alimnywesha kwa viganja vyake. Kwenye simu Kanda ya Bi Harusi ilikuwa na sifuri, na Naushin akaifuta, ikafutika.

Walioana siku iliyopangwa, ushungi mwekundu uleule umefuliwa mara saba. Kadhi alipomuuliza, Afroza alikubali mara tatu kwa sauti iliyosikika mpaka nje, na wanawake wakasema bi harusi wa siku hizi hana aibu. Tufail alimpenda. Kidole chake kilipauka ndani ya wiki. Mzee Basharat aliendelea kupeleka asumini kila Alhamisi, ila sasa hakuipeleka nyuma ya nguzo. Alimkabidhi binti yake bila kusema neno, naye aliivaa kichwani.

Mwezi wa tatu baada ya harusi Naushin alirudi kukagua programu yake. Alikuja na boksi la peremende na picha za mchumba wake wa Pune, akakumbatiana na Afroza kwa mapenzi ya kweli, maana aliyajua yaliyotendwa kwa ajili yake. Kisha akakaa mezani. Tufail akapita na foklifti.

"Mwenye miwani! Leo hupandi?"

"Nani apande? Una mke sasa, atanizika kweli!"

Ulikuwa utani tu. Makuli wakacheka, Afroza akacheka. Halafu akanusa. Hina mbichi. Akatazama viganja vyake. Hina ya harusi, ya miezi mitatu iliyopita, ambayo kwa mwanamke mwingine yeyote ingekuwa imefutika zamani, ilikuwa nyekundu kama ya jana, na ndani ya mkono wa kulia alikuwa ameshika mkasi mkubwa wa kukatia majora, na alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Naushin, karibu kabisa, na hakukumbuka kuuchukua wala kutembea.

*Tunangoja nini, mwenzangu?* ilisema sauti, ile ya mwanamke aliyetoka kulia. Safari hii haikutoka nyuma ya nguzo yoyote.

"Naushin," Afroza alisema.  "Usigeuke nyuma. Chukua vitu vyako, toka. Toka sasa hivi, na usikanyage tena hapa maadamu mimi ni hai."

"Dada? Ni utani tu ule, wallahi."

"Toka!"

Naushin alitoka huku analia, hakuchukua hata boksi lake. Tufail alimkasirikia mkewe siku mbili. Makuli walisimulia, na mtaa ukaongezea chumvi, na mpaka leo ukipita pale ukauliza, watakwambia hakuna Bhiwandi nzima mwanamke mwenye wivu kama Afroza wa Tufail. Hawezi hata kuona jirani anamsalimia mumewe, anajifungia chumbani na kufuli, na ufunguo anautupa nje kwa dirisha.

Hawakosei kuhusu wivu. Wanachokosea ni kudhani kwamba mle chumbani amejifungia peke yake.